Nilimrudisha Kavira kwa Baba Yake Sababu ya Pua

Nina miaka hamsini na saba. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Butembo, na Jumapili ndimi ninayesoma matangazo kanisani. Watu wananiheshimu. Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu... Leo ninyi wasomaji mtalisikia.

Wakati wa vita tulikaa Eringeti, mimi, mke wangu Kavira na binti yetu Masika, aliyekuwa na miaka mitatu. Kavira alilima na kuanika kahawa. Tangu usichana wake alikuwa mtu wa chafya. Mvua ikianza, chafya. Akifagia nyumba, chafya. Tulizoea, hata tukamcheka.

Siku askari walipoingia, kila mtu alikimbia alivyoweza. Mimi nilikuwa na mtoto shuleni, Kavira shambani. Nilimbeba Masika mgongoni hadi Oicha, na kutoka hapo tukapata lori la Beni... bila mama yake! Siku tatu sikujua kama yu hai. Siku ya nne alitokea kwenye uwanja wa kanisa tulikolala wakimbizi, miguu imevimba, na nguo aliyovaa haikuwa yake. Alisema tu kwamba alijificha. Nilimshukuru Mungu, sikuuliza zaidi.

Tukaenda Butembo kwa yaya Kyakimwa, dada yangu mkubwa. Nyumba yake ilikuwa na baridi, kuta zilitoka maji. Hapo ndipo pua ya Kavira iliziba upande wa kushoto na haikufunguka tena. Siku moja maharagwe yaliungua, moshi ukajaa jikoni, naye ameketi kando ya chungu bila kusikia harufu yoyote. Akipenga, kilitoka kitu kizito cha kahawia, kama karanga za kusaga. Kichwa kilimuuma kuanzia nyusi hadi kwenye meno.

Kituo cha afya walimtibu malaria. Mara ya pili walimng'oa jino. Mtu wa majani akampulizia unga puani, akatoka damu siku nzima. Hakuna kilichosaidia! Na sasa jicho la kushoto likaanza kutoka nje, polepole, kama vile kuna mtu nyuma yake analisukuma kwa kidole.

Yaya Kyakimwa aliniita nyuma ya nyumba. Aliniuliza ile nguo ilikuwa ya nani. Akasema ugonjwa unaoozesha pua ya mwanamke kila mtu anajua unatoka wapi, na kwamba mwanamke aliyekaa siku tatu katikati ya askari hawezi kurudi mzima.

Kavira alikuwa ndani, hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kwenda kumuuliza... Badala yake nilitenga kikombe chake na sahani yake. Nikakataza Masika asilale karibu naye. Mtoto alilia akimtaka mama yake, na mimi nikamshika mkono asiende. Kavira aliona yote.

Kisha nikaandika barua kwa baba yake, aliyekaa Beni. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu kwamba ninamrudisha binti yake, kwa sababu ya ugonjwa wa aibu alioupata kwa askari. Nikaifunga, nikampa Kavira mwenyewe aipeleke. Mnaelewa nilichofanya? Aliibeba kwa mikono yake bila kujua ndani kuna nini.

Miezi minne ikapita. Ndipo baba mkwe akaniletea habari: daktari wa Beni aliyempima Kavira anamtaka mume. Nilifikiri Kavira anakufa. Nilimchukua Masika, na njiani tulisimamishwa kwenye vizuizi vitatu, na kila askari aliposoma karatasi zangu nilihisi anasoma ile barua.

Daktari alikuwa mzee mpole mwenye taa ndogo kwenye paji la uso. Kavira aliketi akitazama ukuta. Daktari aliniuliza chafya zilianza lini, kama kifua chake hupiga filimbi, pua iliziba upande gani kwanza. Majibu yote nilikuwa nayo! Alipomaliza, nilimuuliza, mbele ya Kavira, kama huu si ugonjwa wa askari.

Alizima taa yake.

"Mwalimu, damu yake tulishaipima. Kaswende hapana, sida, ile ukimwi, hapana. Hii magonjwa haikutoka kwa mwanaume hata mumoja."

Alieleza kwamba ndani ya pua mmeota vinyama laini, na nyuma yake kumejaa ule uchafu mzito. Aliogopa kansa. Inaweza pia kuwa kitu kingine, alisema, lakini hapa hakuna mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Lazima avuke mpaka, aende Kampala, na haraka, maana jicho lilikuwa linafifia.

Jirani wa baba mkwe, Mzee Ramazani, Mwislamu mwenye lori la bidhaa, alikubali kuwapitisha Kavira na baba yake mpakani Kasindi. Niliomba niende nao. Baba mkwe alikataa.

"Wewe ulishamurudisha. Sasa ni mutoto yangu. Baki na Masika."

Nikabaki Beni wiki tatu. Mara tulisikia njia imefungwa, mara lori limechomwa. Kila gari lililotoka Kasindi nililikimbilia. Niliomba isiwe kansa, kisha nikaona haya... mimi ni nani wa kumwombea?

Waliporudi, daktari alisoma karatasi ya Kampala, akashusha pumzi. Haikuwa kansa. Ilikuwa kuvu! Mbegu zake ziko hewani, alisema, sisi wote tunazivuta na hazitufanyi kitu. Lakini mwili wa Kavira, ule mwili wa chafya, unazichukia. Unapigana nazo, ute unakuwa mzito, unajaza mashimo ya mifupa ya uso hadi unasukuma jicho. Picha ilionyesha hivyo, na ule ute ulipotazamwa kwa hadubini ulikuwa na nyuzi za kuvu. Kule Kampala walimpasua, wakausafisha wote. Ugonjwa huu hauambukizi mtu. Alitakiwa kuosha pua kwa maji ya chumvi na kufuata dawa, kwa sababu hupenda kurudi.

Lakini jicho la kushoto lilikuwa halioni tena. Mshipa wake ulibanwa muda mrefu mno. Angefika miezi michache mapema, daktari alisema, lingeokolewa.

Ile miezi baba yake alimficha ndani ya nyumba, kwa aibu. Aibu niliyoiandika mimi!

Nilipiga magoti mbele ya Kavira. Alizungumza bila hasira.

"Mama muzee mumoja alinificha mu kibanda yake ya mpunga. Nguo yangu ilipasuka mu miiba, akanipa nguo yake. Ungeniuliza, ningekuambia. Juu ya nini hukuniuliza, baba Masika?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Hakurudi kwangu. Anauza maharagwe Beni. Masika alipoolewa tulikaa benchi moja, na mimi niliwekwa upande wake wa kushoto. Ibada nzima hakuniona, wala hakugeuza kichwa. Nililia, na watu wakadhani ni furaha ya mzazi.

Ndugu zangu, nawasihi. Mke wako akiugua, usimsikilize anayenong'ona nyuma ya nyumba. Pua ikiziba miezi na jicho likianza kutoka, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kama kuna jambo linakusumbua juu yake, ingia ndani, keti, umuulize yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa na hatua kumi tu za kutembea, na sikuzitembea.