Taa ya Vifaranga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwamini aliwalisha kuku wa mama yake na kufagia banda. Siku moja aliondoka nyumbani kwao Visiga na mzigo wa ziada mkononi: balbu kubwa ya joto ya kulelea vifaranga. Vifaranga wa mama walikuwa wameota manyoya, hawakuihitaji tena.

Balbu hiyo ilikuwa ya tangi la klabu ya sayansi. Lilikuwa tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili na vipande vya matumbawe laini ambavyo watafiti wa bahari walimkabidhi Mwalimu Justa kwa kibali. Taa yake iliungua, na Mwamini, kiongozi wa klabu, akapewa kazi ya kutafuta nyingine ya bei nafuu. Dukani alionyeshwa taa ya LED yenye mwanga mweupe na wa buluu, akaibeza.

"Hii si taa ya saluni hii?" alimwambia Fabian, mwenzake. "Mimi nitaleta ya bure, tena kali!"

Mwalimu Justa aliitazama balbu kwa shaka. "Matumbawe ni wanyama," alisema. "Ndani yake mna vijimea vidogo sana vinavyotumia mwanga kuyatengenezea chakula. Maji yakipata moto kupita kiasi, vijimea hutoka na matumbawe hubaki meupe. Tuijaribu, lakini Mwamini, upime joto la maji asubuhi na mchana. Likipanda, zima mara moja."

"Sawa, mwalimu."

Kusema ni rahisi! Mchana Mwamini aliitwa kucheza netiboli, na mtu akishaushika mpira, kipimajoto atakikumbuka saa ngapi? Jioni mwalimu alipomuuliza hali ya maji, alijibu bila hata kupepesa macho, "Nimepima, mwalimu. Yako sawa."

Taa iliachwa ikiwaka usiku kucha, na kesho yake asubuhi wanafunzi walilizunguka tangi. Matumbawe yalikuwa yamepauka. Samaki walikuwa juu ya maji, wakipanua midomo kwa taabu.

"Ni Fabian!" Hemedi, mwanaklabu mwingine, alipayuka. "Yeye ndiye anayechanganya chumvi. Kazidisha!"

"Nilichanganya kama tulivyofundishwa," Fabian alisema, machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwalimu Justa alisikitika. "Kama joto liko sawa, basi tatizo ni maji. Fabian, nipe ufunguo wa maabara. Utapumzika klabu kwanza."

Fabian aliutoa ufunguo mfukoni taratibu. Mwamini akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini samaki mmoja alikuwa ameanza kulalia ubavu, na Fabian alikuwa anaelekea mlangoni.

"Mwalimu, usimtoe!" Mwamini alipaza sauti. "Sikupima. Nilikudanganya."

Mwalimu hakugomba. Alitumbukiza mkono majini, akautoa haraka. "Ya kuogea haya! Zimeni taa. Fabian, leta feni. Mwamini, chupa za maji baridi. Tuziache zielee juu tu, maji yapoe polepole. Yakipoa ghafla tutawaua samaki."

Walihangaika mpaka kengele ya mapumziko. Samaki walirudi kuogelea. Kipande kimoja cha matumbawe hakikupona, na Mwamini ndiye aliyekitoa kwa mkono wake mwenyewe, akilia.

Mchana alisimama mbele ya klabu. "Fabian, nisamehe. Nilikuacha usingiziwe."

Fabian alimpa mkono. "Nimekusamehe. Ila iliniuma," alisema.

Mwalimu Justa alikwenda nao dukani, wakanunua ile ile taa iliyobezwa. Waliifunga juu kidogo ya tangi, na Mwamini akapima joto mbele ya wote. Baada ya wiki kadhaa, rangi ilianza kurudi kwenye matumbawe yaliyosalia.

"Kuchagua taa isiyofaa ni kosa la kutojua, hata mimi nilikubali tuijaribu," mwalimu alikuwa amewaambia siku ile walipoifunga taa mpya. "Rahisi ghali, hilo tumejifunza sote. Lakini ungesema jana kwamba hukupima, tungezima taa jana ile ile, na kile kipande kingekuwa hai. Ukweli una wakati wake, Mwamini. Usiucheleweshe."

Kisha akamrudishia Fabian ufunguo, wote wakiona.