Sweta Tatu za Nyanya Kabura

Kagure alirudi nyumbani kutoka kupeleka maziwa, vidole vimekufa ganzi. Baridi ya Julai pale Giakanja haina huruma, na Julai ya mwaka wa 1996 ilizidi. Kabla hajafika motoni, dada yake Wachuka alimwita.

"Njoo nikupime. Vua sweta."

"Tena? Aiya! Baridi itaniua kabla ya hiyo presha!"

"Vua, keti, tulia. Usiongee."

Wachuka alikuwa amehitimu uuguzi, na sasa alikuwa na njia mbili mbele yake. Zahanati ya kanisa kule Endarasha ilimtaka, lakini angelala huko na kuja nyumbani wikendi tu. Kampuni moja mjini Nyeri nayo ilimtaka awe muuzaji wa mashine za kupima presha ya damu. Huko angepewa pikapu, na kila jioni angerudi nyumbani. Kampuni ilikuwa imemwazima mashine moja ajizoeze kupima, na siku hiyo meneja angekuja sokoni kumwona akiuza.

Kagure yeye alikuwa na njia moja tu: pikapu! Miaka yote ambayo dada yake alikuwa chuoni, alikuwa amelala peke yake katika kitanda chao, na hakutaka tena. Isitoshe, mdomo ulikuwa umemponza. Alikuwa ameliambia darasa zima la sita kwamba muhula ujao angeletwa shuleni kwa gari. Ben, jirani yake wa dawati, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Tutaliona hilo gari," alisema.

Wakiwa njiani kwenda sokoni, Kagure aliuliza, "Dada, huko ofisini kukoje?"

"Kuna shangwe. Kila asubuhi wanaimba na kupiga makofi. Aliyeuza sana anapigiwa kengele. Asiyeuza anavalishwa kofia ya sufu ya mtoto mchanga, anashinda nayo kutwa."

Kagure aliangua kicheko.

"Juzi alivalishwa baba wa watoto wanne," Wachuka akaendelea. "Naye alijichekesha pamoja na wenzake, lakini chai yake hakuigusa."

Sokoni walimkuta Bwana Mathenge, yule meneja, ameshaweka meza karibu na wauza mahindi. Alikuwa mtu mcheshi, tai yake nyekundu kama pilipili. Alimtuma Wachuka akaite watu upande wa viazi.

Wakati huohuo nyanya yao, mama ya baba yao, alitokea akipanda kilima kutoka mtoni. Nyanya Kabura alikuwa amebeba kiondo cha viazi mgongoni, ukanda kichwani, na amevaa sweta tatu, moja juu ya nyingine. Alikuwa akihema.

"Mama, karibu! Kupimwa ni bure!" Bwana Mathenge alisema. Hata hakumtua mzigo. Alimfunga mkanda juu ya zile sweta zote, akabonyeza mpira, akatazama mshale, kisha akatikisa kichwa. "Mama, hii ni hatari. Lazima uwe na mashine yako nyumbani."

"Ati niko na presha? Basi ninakufa!" Nyanya Kabura hakuwa mtu wa mambo madogo. Alianza kugawa urithi palepale, mbele ya soko. "Sikieni nyote! Jembe langu jipya ni la mama Wachuka. Na ndama wangu mweupe nimempa Kagure!"

Wengine walicheka, wengine wakasema pole. Kagure hakucheka. Alijua kosa liko wapi. Alijua pia kwamba akisema, pikapu ndiyo hiyo imekwenda, na dada yake atakwenda Endarasha. Kisha akamsikia nyanya yake akiuliza ni nani atakayemchimbia kaburi.

"Nyanya, tua mzigo!" alipaza sauti. "Vua sweta, keti, tulia! Dada hupima hivyo!"

Bwana Mathenge aliinama karibu naye, bado anatabasamu. "Hayo tunayajua, msichana. Lakini mteja akiketi, anafikiri. Akifikiri, anaenda zake."

Wachuka alikuwa amefika nyuma yake, na alisikia kila neno. Alimketisha nyanya yake, akamvua sweta mbili na kukunja mkono wa ile ya tatu mpaka begani. Muuza chai alileta kikombe, Wachuka akakizuia. "Chai baadaye." Walingoja mpaka pumzi ya Nyanya ikatulia, ndipo akampima.

"Nyanya, uko sawa kabisa."

"Sifi?"

"Hufi!"

Vigelegele alivyopiga bibi yule viliwashtua mbuzi.

"Kazi ni yako, Wachuka," alisema Bwana Mathenge. "Watu wanakuamini. Ila acha haya ya kuketisha watu."

"Na nikiwaketisha?"

"Basi hii itakuwa yako kila siku." Akaitoa ile kofia mkobani.

Wachuka aliitazama kofia, akaitazama pikapu ya kampuni iliyoegeshwa kando, kisha akamtazama mdogo wake.

"Endarasha si mbali sana, dada," Kagure alisema, machozi yakimlengalenga.

Wachuka akaichukua kofia, akaivaa mwenyewe, akafunga kamba zake kidevuni. "Niivae leo tu, kwa raha zangu. Mashine yako hii hapa." Soko lilivunjika mbavu. Alizunguka nayo akinunua karoti na vitunguu, akairudisha meneja alipokuwa akiwasha gari.

Jioni Kagure alisema, "Nyanya, huendi popote. Mchukue ndama wako."

"Neno la mzee mbele ya watu halirudi mdomoni," Nyanya alijibu. "Nilimtoa, nimemtoa. Na sikiliza, mjukuu wangu. Ungenyamaza, ungepanda gari, nami ningelala na hofu ya bure. Anayeshika chombo cha kupima afya ya watu ashike ukweli kwanza. Leo wewe na dada yako mmeushika, na nimefurahi kuliko siku niliyoolewa!"

Jumatatu, baada ya masomo, Ben alimkuta Kagure akichunga ndama kando ya barabara.

"Ndilo lile gari?" aliuliza, akishika tumbo tayari.

"Ndilo," Kagure alisema. "Linaitwa Presha, na halili petroli."