Kope za Awut

Adhar aligundua mchana, jua likiwa kali: dada yake alikuwa anakoroma huku anamtazama.

Awut alikuwa amejilaza kwenye mkeka ndani ya nyumba yao ya mabati, kambini Kakuma, mwaka 2012. Kifua kilipanda na kushuka taratibu. Macho yalikuwa wazi, makavu, hayapepesi.

"Awut? Umeamka?"

Aliendelea kukoroma.

Kabla ya hapo alikuwa na kope nzito zilizomshukia hadi karibu na mboni. Alisuka nywele sokoni, na kila mteja alimtania, "Mama, umelala?" Akachoka nao. Anatole, Mkongomani mmoja aliyejiita daktari, alimwambia ni jambo dogo. "Natoa kangozi kidogo tu, mama. Utatoka msichana." Alimkata nyuma ya duka la simu, bila kumpima macho, bila kumwuliza lolote. Upande mmoja ukazidi mwingine, akakata tena ili zilingane. Vidonda vilipopona Anatole alikuwa ameshahama kambi, na kope za Awut hazikufika tena chini.

"Yanawasha, kama yana mchanga," Awut alilalamika. Baadaye akaacha kulalamika, na hapo ndipo Adhar alipoanza kuogopa.

Kwanza ilikuja harufu. Kila Awut alipolala, nyumba ilinuka udongo uliolowa wa laga, ule mto mkavu, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Kisha sauti: kitu kikijikokota kwenye changarawe, kikiuzunguka mkeka polepole. Siku moja Adhar alipiga magoti amfunike dada yake uso kwa kitambaa kibichi, akaona ndani ya mboni, dogo kama punje ya mtama, umbo la mtu aliyechuchumaa, akadhani ni yeye mwenyewe, mpaka alipoinua mkono na lile umbo lisiinue, likabaki nyuma ya bega lake, shingo imelala upande, likisogea kila Awut alipovuta pumzi, karibu, karibu zaidi, hadi likaijaza mboni yote na Adhar akageuka akipiga kelele, akakuta ukuta wa mabati tu.

Jirani yao, mama wa Kisomali, alikuja mbio lakini hakuvuka kizingiti.

"Huyo ni jini," alinong'ona. "Macho ni mlango. Dada yako analala mlango wazi."

Kwao Adhar wangemwita jok. Alimleta mchungaji. Alipomaliza kuomba, Awut aliitikia amina kwa sauti mbili: yake, na nyingine nene iliyochelewa kidogo.

Kesho yake Adhar alimpeleka Lodwar, kwa daktari wa macho aliyeitwa Barasa. Barasa alimmulika kwa tochi, akakunja uso.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Daktari wa kambini," Awut alijibu.

"Ulimwuliza alisomea wapi? Alikuambia ngozi ya kope ikitolewa kupita kiasi jicho halifungi tena?"

"Aliniambia nitapendeza."

Barasa alizima tochi. "Jicho limekauka, limeanza kidonda. Tukingoja, utapofuka. Nitachukua ngozi nyuma ya sikio niongeze kope, kisha nizishone zikae zimefungwa hadi zipone."

Adhar alimfuata mlangoni. "Daktari," alisema chini chini, "kuna kitu kinakaa naye akilala."

"Mtu asiyefunga macho hapumziki, dada. Ataona mengi. Wacha tuyafunge kwanza."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Awut alipozinduka, macho yote mawili yamefungwa bandeji, alipapasa hadi akaupata mkono wa Adhar.

"Ni giza," alisema, akitabasamu. "Giza zuri. Simwoni tena."

Adhar alivuta hewa. Wodi ilinuka dawa na sabuni tu. Alimnywesha uji kidogo kidogo, Awut akausifu, akauliza habari za wateja wake, mara akapitiwa na usingizi, mzito, wa mtu aliyekesha miezi. Adhar alilia kwa furaha. Akainama amshike shavu.

Midomo ya Awut ilisogea. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, imetulia, kama ya mtu aliyefika kwake na kuvua viatu.

"Mshukuru daktari," ilisema. "Ule mwanga ulikuwa unaniumiza."