Mchanga Chini ya Gurudumu

— Mama Kijiko! Unafanya nini huko chini?

Mama Kijiko alishtuka, nusura agonge kichwa kwenye bampa jipya la chuma. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu la mbele, kopo la mchanga mkononi, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

— Nafagia tu, mume wangu.

— Unafagia chini ya gari? Au unalisomea dua?

— Gari lako wewe dua halitoshi. Linataka mkesha.

Mumewe akacheka kile kicheko chake cha kuambukiza, akaingia ndani kunywa chai. Alipotoweka tu, Mama Kijiko akamwaga mchanga uliobaki na kuusawazisha kwa kandambili. Doa la jana lilikuwa dogo kama kifuniko cha soda. La leo lilikuwa kama kisosi.

Mchanga aliuchota kwenye lundo la jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyekuwa akijenga ukuta tangu mwaka jana, na ukuta wenyewe bado ulikuwa kichwani mwake. Na kwa nini afukie matone ya gari? Kwa ajili ya wifi yake. Dada huyo wa mumewe aliishi chumba cha pili katika ua uleule, na ulimi wake haujawahi kwenda likizo. Siku gari lilipoingia alilizunguka akiwa amejishika kiuno.

— Kaka, ndilo hili? Haya. Siku likianza kuvuja, jua umeuziwa ndoo yenye tobo.

Mama Kijiko aliona uso wa mumewe ulivyosinyaa. Akaapa moyoni kwamba hata kama gari hilo lingevuja, wifi yake asingeliona tone. Alishasikia kwamba magari makuukuu hutokwa jasho la oili. Jasho ni jasho tu. Nani amewahi kufa kwa jasho?

Lilikuwa gari la kijivu, refu, la magurudumu manne yanayovuta yote kwa pamoja, lililokwisha kupita kwenye mikono ya watu kabla ya kuwafikia. Mumewe alikuwa kinyozi, na kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alikuwa na la kusema kuhusu gari.

— Gari la milima lisiloinuliwa ni bata, alisema mmoja, povu shavuni. Lifunge springi ndefu lisimame kama jogoo.

— Na matairi yenye meno, akadakia aliyekuwa akisubiri zamu.

— Na taa juu ya paa, mpaka usiku uombe radhi.

Kinyozi akayafuata yote. Oili ya injini alibadilisha, na kichujio chake. Lakini fundi wake wa gereji, Fundi Kimya, alipomwambia kuwa yapo mengine ya ndani yanayotakiwa kwenda pamoja na springi ndefu, alijibu kwamba yasiyoonekana yatasubiri. Fundi Kimya hakubishana. Yule bwana hakujaliwa mdomo, alijaliwa vidole: ukimkuta gereji haongei, ukifika nyumbani anakuandikia.

Kinyozi alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na jina: ukweni. Mama mzazi wa Mama Kijiko aliishi chini kabisa ya mlima, kwenye barabara yenye kona kama utumbo, na hajawahi kumshika mjukuu wake. Kila bibi huyo alipopiga simu, kaka yake Mama Kijiko aliinyakua.

— Dada, mwambie shemeji asisahau mkasi. Likizima njiani, anyoe abiria.

— Kaka, muogope Mungu.

— Namuogopa. Huyo kinyozi wako ndiye nisiyemuogopa. Atatuletea nini zaidi ya nywele?

Simu ilikuwa kwenye spika. Kinyozi aliyasikia yote, akamchukua binti yao, Kijiko, mtoto aliyepewa jina hilo kwa kuwa alilala na kuamka ameng'ang'ania kijiko, akamrusha juu kidogo.

— Jumamosi tunashuka, mwanangu. Utamsalimia bibi kutoka dirishani, juu huko, kama malkia.

Alicheka, lakini mara hii kicheko hakikuambukiza mtu.

Siku ya Jumatano aliwapeleka kliniki. Wakirudi, kwenye mteremko wa mtaani kwao, Mama Kijiko akauona mguu wa mumewe ukikanyaga, ukiachia, ukikanyaga tena. Chini ya kiti chake kitu kikaviringika, kikamgonga kisigino.

— Baba Kijiko, mbona unakanyaga breki mara mbili?

— Magari makubwa yanabembelezwa.

— Na hiki kikopo?

— Mafuta ya breki. Ya akiba.

— Kimefunguliwa.

— Mke wangu, wewe shika mtoto, mimi nishike usukani. Kila mtu na mzigo wake.

Alisema bila kumtazama. Tangu waoane hajawahi kumjibu bila kumtazama. Chini ya mteremko watu walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la maji, watoto wakichezea matope, na gari likapita karibu nao mno kabla halijasimama. Mama Kijiko akamkumbatia mtoto. Kesho yake alfajiri alichota makopo mawili ya mchanga.

Jumamosi ikafika na jua lake. Mabegi yakapangwa. Mama Kijiko akavaa gauni alilolitunza, akampaka mtoto mafuta mpaka akang'aa.

— Naenda kujaza mafuta pale juu, alisema kinyozi. Nikirudi nawakuta mlangoni, sawa, mrembo?

— Nenda salama.

— Ni hapo tu! Unaniaga kana kwamba navuka bahari.

Gari likanguruma, likapanda mteremko. Mahali lilipokuwa limelala pakabaki duara la mchanga mweusi, umelowa mpaka juu. Mama Kijiko akalitazama, akaligusa kwa kidole cha mguu. Ndipo simu ikalia kitandani. Mumewe alikuwa ameisahau.

Ujumbe ulikuwa wa Fundi Kimya:

"Kaka, kabla ya kushuka mlima chungulia tena chini ya gurudumu la mbele. Pakiwa na unyevu hata kidogo usiende."

Akapandisha juu kusoma za nyuma.

"Springi ni ndefu, mipira inayopeleka mafuta ya breki ni ileile mifupi. Kwenye mashimo inavutika. Itapasuka."

Chini yake, jibu la mumewe:

"Tutabadilisha tukirudi. Mke wangu asijue, atakataa kupanda."

"Basi chungulia kila asubuhi. Tone moja tu, niite."

Kisha majibu ya mumewe, moja kila siku, yakifuatana:

"Nimechungulia. Pakavu."

"Pakavu kabisa fundi, nadhani ulikosea."

"Pakavu. Jumamosi naenda kwa amani."

Mama Kijiko akalisoma neno hilo tena. Pakavu! Alikuwa akipakausha yeye, kwa kopo lake, kwa mapenzi yake, kabla mume hajatoka kitandani.

Akabonyeza namba ya mumewe kwenye simu yake mwenyewe. Ile aliyoishika mkono wa pili ikaanza kulia.

— Wifi! Wifi, nishikie mtoto!

— Kuna nini? Mbona umekuwa hivyo?

— Breki! Gari halina breki! Kawatoe watu bombani!

Wifi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Akampakata Kijiko, akateremka mbio akipiga kelele kama king'ora. Mama Kijiko akapanda mteremko peku, gauni limekusanywa mkononi.

Akaliona gari likichomoza juu. Taa za paani ziling'aa kwenye jua. Lilishuka taratibu, kama siku zote. Kisha likagonga lile shimo lililo karibu na duka la kona, likainama, likainuka, na tangu hapo halikuwa taratibu tena.

Alimwona mumewe kupitia kioo. Alimwona akikanyaga. Akikanyaga tena. Goti likipanda na kushuka, uso umekuwa wa majivu.

— Gia! alipiga kelele kutoka ukingoni. Baba Kijiko, shusha gia! Mchangani! Peleka mchangani!

Hakujua kama alisikika. Gari likampita kwa upepo uliomtoa kitambaa kichwani. Injini ikalia kwa uchungu, gia imeshushwa kwa nguvu. Bombani zilibaki ndoo tu. Watu walikuwa wametawanyika. Usukani ukakata kushoto, matairi yenye meno yakafoka, na gari zima likajitosa kwenye lundo la jirani, likazama mpaka taa za mbele.

Kukawa kimya. Mchanga ukawa unateleza polepole juu ya boneti.

Mama Kijiko akafika, akavuta mlango kwa mikono miwili.

— Mume wangu! Niangalie. Niangalie!

— Nipo, alisema. Nipo. Mama Kijiko, pedeli imezama yote. Nimekanyaga mpaka chini, hakuna kitu. Kama kukanyaga hewa.

— Najua.

— Unajuaje?

Akamwonyesha simu. Kinyozi akaitazama, akafumba macho.

— Ulijua, alisema Mama Kijiko, sauti chini. Ulijua, ukataka kunifunga mkanda na mtoto wangu mapajani.

— Nilichungulia kila siku, haki ya Mungu. Palikuwa pakavu. Ningeona tone moja, nisingekwenda. Nilitaka tu, mara moja, kaka yako anione nikishuka kutoka kwenye kitu changu.

— Kaka yangu angekuja kukuona kaburini, Baba Kijiko. Kwa basi.

Machozi yalimtoka kinyozi bila sauti, yakichora mistari kwenye vumbi. Mama Kijiko angeweza kuliacha jambo hapo. Kosa lilikuwa limeshampata mwenyewe, na hakuna aliyeuliza kuhusu kopo. Lakini mchanga uliokuwa ukiteleza kwenye boneti ulikuwa uleule.

— Palikuwa pakavu kwa sababu nilikuwa nafukia, alisema.

— Ulikuwa unafukia nini?

— Matone. Kila alfajiri. Sikutaka wifi akucheke. Nilidhani ni oili tu, jasho la uzee. Ulikuwa unachungulia mchanga wangu.

Kinyozi akaweka paji la uso kwenye bega lake.

— Sisi wawili, alisema, tungeuana kwa kuhurumiana.

Wifi akawafikia akihema, Kijiko kiunoni, kijiko mkononi mwa mtoto. Akalitazama gari, akamtazama kaka yake, akakaza midomo. Wote wakasubiri.

— Jirani ameupata ukuta wake hatimaye, alisema. Halafu akaanza kulia yeye.

Fundi Kimya alilala chini ya gari siku nzima ya Jumatatu. Alifunga mipira mipya, mirefu, akamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi kama chai ya jana, akatoa hewa yote iliyoingia kwenye breki. Taa za paani zilivunjika na hakuna aliyeuliza habari zake. Alipomaliza alifuta mikono, akaondoka bila neno. Kabla hajafika kona, ujumbe ukaingia: "Shemeji, usifukie tena kitu."

Alfajiri ya safari Mama Kijiko hakuchota mchanga. Alipanda kiti cha dereva, akiwa na kandambili zake, wakati mumewe amelala kifudifudi kwenye sakafu ya ua, tochi mkononi, shavu kwenye simenti. Wifi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akitazama waziwazi, na leo hakuna aliyejali.

— Kanyaga, alisema kinyozi kutoka chini.

Akakanyaga.

— Shikilia hapo hapo. Usiachie.

— Sijaachia. Chini vipi? Sema kweli.

— Pakavu. Njoo uone mwenyewe baadaye. Na huko juu? Ngumu?

Mama Kijiko akasukuma kwa nguvu zake zote, mgongo umebana kiti. Pedeli nayo ikamsukuma.

— Ngumu, alisema.

— Basi sogea, Mama Kijiko. Twende kwa mama.