Sauti ya Florentine Nyuma ya Pazia

Bandugu ya Butembo na Beni, musogee karibu, juu jambo hili lingeweza kuingia ku nyumba ya kila mumoja wetu.

Mvua ilikuwa imekatika mu Mususa, kartie ya Butembo, na sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inanukia ku kila mulango. Kambere, fundi wa moto, ni kusema pikipiki, alikuwa anafunga mnyororo huku radio ya jirani ikiimba. Alikuwa na ile amani kidogo mwenye kufiwa na bibi anapata akiwa na kazi mu mikono. Mara radio ikasema: "Ni miye Florentine. Siku ya Mungu, Jumapili, niko nawangojea nyinyi bote ku salle ya teatre ya Mususa. Musikose."

Kle ya kufungia ikamuanguka mu mikono. Florentine alikuwa bibi yake wa ndoa, muchezaji wa teatre mwenye muji wote ulipenda. Ebola ilimubeba miaka ya nyuma. Balimuzika ndani ya mufuko wenye kufungwa, na hakuna ndugu hata mumoja mwenye aliona sura yake.

Mbele ya kupangusa mafuta ku mikono, simu ikalia. Ilikuwa Mama Agar, mama ya Florentine, kutoka Beni. Nyuma yake banamuke balikuwa banapiga vigelegele.

"Kambere, umesikia? Mutoto yangu iko muzima."

"Mama, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Nilisema tangu siku ile: mutu hazikwi bila kuonwa. Mulizika mufuko, mukwe. Nani alifungua? Weye ulifungua?"

"Hapana, Mama."

"Basi nyamaza. Nimekamata kuku, nimesuka nywele. Nakuja na majirani bote."

Simu ikakatika. Na tuseme ukweli: roho ya Kambere pia iliruka. Kwa dakika ile naye aliwaza ule mufuko.

Akawasha moto, akakimbia mupaka kwa Octave, directeur mwenye alitumwa toka Kinshasa kuongoza Sauti ya Mulima, troupe ya teatre yenye Florentine alikuwa anacheza. Octave alikuwa anacheka meno inje.

"Papa Kambere, njo tulitaka kukushangaza. Tulilisha mashine michezo yote ya zamani ya Florentine, ikajifunza sauti. Intelligence artificielle, akili ya mashine, papa. Unaandika neno, mashine inalisema na sauti yake. Sasa hata Bulaya batatujua."

"Uliuliza nani?"

"Mais, ni archives, michezo yenye troupe yetu iliweka."

"Ondoa ile tangazo ku radio. Mama yake anaamini Florentine iko hai."

"Après spectacle, muchezo ukiisha, papa. Bakubwa bameisha kualikwa. Tutamuelezea polepole."

Muone, bandugu, vile bale benye kututawala banafanya. Furaha yao ni leo, kilio yetu ni après.

Siku ya Mungu salle ilijaa mupaka batoto banakaa ku madirisha. Mama Agar akaingia akicheza, amevaa kikwembe mupya, kuku mu kwapa, banamuke ya Beni nyuma yake banaimba na kupiga mikono. Butembo haikuwa imeona furaha ya namna ile siku nyingi. Kambere akasimama mbele yake.

"Mama, ile ni mashine. Florentine alikufa."

"Ah, mukwe. Umeisha kupata bibi mwengine, njo maana hautaki huyu arudie?"

Salle yote ikacheka. Pale pale sauti ya Florentine ikatoka nyuma ya pazia, ikasalimia batu. Mama Agar akapanda podium.

"Florentine, ni miye. Ulikuwa wapi?"

Nyuma ya pazia Octave alikuwa anatoka jasho, anaandika. Halafu sauti ikasema: "Mama, niko hapa. Usilie tena."

Batu bakasimama, bengine banalia kwa furaha, bengine banarusha vikwembe hewani. Kambere akawaza: nikinyamaza, atabaki na furaha hii. Lakini mama alikuwa ameisha kunyoosha mikono ku pazia.

"Toka basi, nikukumbate."

Hakuna mutu alitoka. Kambere akapanda, akavuta pazia. Meza, ordinateur, ile kompyuta, bafle moja ya kutoa sauti, na Octave na vidole ku mashine.

Mama Agar akaangalia nyuma ya meza. Akainama, akaangalia chini yake. Halafu akamugeukia Octave, sauti ya chini kabisa.

"Mutoto yangu, bale baganga ba Ebola balinifichia mwili juu ya ugonjwa, na balituambia. Weye, ugonjwa yako ni gani?"

Mama akakaa pale ku podium, akaanza kilio chenye alikatala miaka yote ile. Bale benye balikuja banaimba bakakaa naye. Kwa mama yake, Florentine alikufa siku ile. Mupaka leo Mama Agar haongei na mutu, na salle ile haipati hata batu ya kujaza benchi moja.

FUNDISHO

Mashine haina kosa, kama vile panga haina kosa. Kosa ni ya mukubwa mwenye anaishika bila kuuliza. Nyinyi benye kuongoza teatre, kwaya na radio: sauti ya mutu ni mali ya mutu, na akifa ni ya jamaa yake. Mukitumia mashine, museme wazi ni mashine, mbele batu baingie, hapana après. Na bachezaji bazima tuko nao hapa mu Mususa, bako banakosa kazi, muwaite kwanza. Mufu hawezi kukatala. Njo maana bazima lazima baulizwe.