Kona Iliyokataa Taa

Taa ya sita iliwaka sawa na zile nyingine tano, ila mwanga wake haukufika chini.

Fundi Mutinda alishuka ngazi, akapanda tena, akabadilisha balbu mara tatu. Juu kwenye dari ya jipsamu balbu iling'aa hadi ikaumiza macho. Chini yake, kati ya dirisha na sofa, palikuwa na giza, na nje ilikuwa saa nane mchana.

"Mama, stima iko sawa," alisema. "Ni hii kona imekataa. Mimi sijawahi ona hivi."

"Weka kubwa zaidi."

"Hata nikuwekee ya stadium." Alikusanya vifaa vyake akaenda zake, chai hakuitaka.

Mtaa mzima pale Ruiru ulijua mapenzi ya Firdaus na taa. Kwa miezi minne alikuwa ameichora sebule yake kwenye daftari: mwanga wa manjano juu ya makochi ili wageni wapendeze, mweupe juu ya meza ya chakula, utepe wa taa nyuma ya televisheni, na ile taa ndefu ya kusimama yenye kofia, kando ya mlango. Wauza vifaa vya umeme wa Thika walikuwa wakimwona tu wanaanza kujificha. Mumewe Ayub, dereva wa lori la safari ndefu, alicheka akamwachia. "Weka tu. Mama alipenda nyumba yenye mwanga."

Jumamosi ingesomwa hitima ya huyo mama, mwaka mmoja tangu azikwe, na kila alipotajwa Firdaus aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

Mwaka huo uliopita walikuwa wakiishi chumba kimoja cha kukodi Kiandutu, pamoja na mama mkwe, Amida, ambaye macho yalikuwa yamebakia kuona vivuli tu. Nyumba ya Ruiru ilipopatikana Ayub alikuwa safarini. Firdaus alitangulia na vyombo. Mama angebaki siku tatu, jirani amletee chakula cha mchana, hadi mwanawe arudi amchukue. Na wakati wa kutoka, Firdaus alipanda juu ya ndoo akafungua balbu, kama afanyavyo kila mpangaji anayehama, kwa maana nani humwachia mwenye nyumba balbu yake? Mkono wake ulisita kidogo. Akajiambia, huyu haoni, taa ya nini. Asubuhi ya siku ya tatu Amida alikutwa sakafuni, amekufa, mkono umenyooka kuelekea swichi.

Ayub alifika mazishini, chumba kimeshafungwa. Tangu hapo aliuliza swali lilelile, kwa sauti ya mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe: "Taa nilimwekea. Sasa aliangukaje?" Na kila mara Firdaus alisema hajui.

Ijumaa, magharibi ikiingia, alikuwa peke yake akipanga mito alipoisikia harufu ya mafuta ya karafuu, yale aliyojipaka Amida magotini. Kisha kiganja kikavu kikaanza kupapasa ukuta pale konani, polepole, kikishuka na kupanda, kikitua na kuanza upya, hadi kikapata kilichokuwa kikitafutwa, na ingawa kwenye ukuta ule hapakuwa na swichi yoyote, Firdaus alisikia ikibonyezwa, ta, halafu kimya cha mtu anayesubiri taa iwake, halafu tena ta, bila hasira, kama mtu anayedhani labda ni kidole chake ndicho kimekosea.

Alitoka kwa mlango wa jikoni akakaa barazani hadi Ayub aliporudi. Angeanzia wapi kumweleza?

Siku ya hitima wageni walijaa, na bila kuambiwa kila mmoja akaikwepa ile kona. Ustadh Faki alikuwa katikati ya kisomo sauti ile ya swichi ilipoanza. Ta. Wanawake wakashikana mikono. Ta. Ustadh akafunga juzuu yake taratibu.

"Aliyekufa harudi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini karini wake, yule jini aliyezaliwa naye, huweza kubaki akitafuta alichokosa mwenziwe. Huyu anatafuta taa. Nani anayo?"

"Mama hakukosa taa, Ustadh," Ayub akanong'ona. "Nilimnunulia mimi mwenyewe."

Firdaus aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Ndipo kiganja kikatoka konani, kikaja kikipapasa ukuta nyuma ya migongo ya wageni, kikawapita mmoja mmoja, harufu ya karafuu ikizidi, hadi kikafika nyuma yake, kikatua begani mwake, kikabonyeza pale mara moja, taratibu sana, kwa kidole kimoja.

Aliinuka. Jikoni, kwenye droo ya chini, alitoa balbu iliyofungwa kwenye gazeti. Hakuwahi kuitumia hata siku moja. Aliiona mbaya, haifai sebule yake.

Ayub aliipokea. Kitakoni palikuwa na tarehe ya kununuliwa, ile wauzaji huandika kwa ajili ya garanti, na mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno moja: Mama.

Alibeba taa ya kusimama hadi konani, akaivua kofia, akaifunga balbu ile, akawasha. Mwanga ukashuka hadi sakafuni. Harufu ikaondoka. Kila mtu alisubiri, na hakuna kilichobonyezwa tena.

"Ameenda," Ustadh akasema.

"Alikaa gizani siku ngapi?" Ayub aliuliza, bila kugeuka.

"Tatu," Firdaus akajibu, mbele ya watu wote.

Wageni walitafuta viatu vyao. Firdaus alibaki amesimama katikati ya sebule, taa zote alizozichagua zikimmulika usoni, pasipo na kona hata moja ya kujificha. "Zizime basi, Ayub," aliomba. "Nakuomba."

Ayub alikwenda hadi kwenye swichi, akaitazama, akaziacha zikiwaka.