Kishale Kilichotembea Chenyewe

Jumamosi ile Mtaa wa Congo ulikuwa haupitiki. Katikati ya msukumano alikuwapo kijana mrefu, shati jeupe limeloa jasho, amekumbatia kompyuta ya mezani huku nyaya zikimburuzikia miguuni. Blandina, fundi wa kompyuta mwenye kibanda pembeni mwa mtaa, alishindwa kujizuia.

"Kaka, mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Matangazo, dada. Ukifunga moja, yanazaliwa kumi. Mengine ya aibu, na nyumbani naishi na shangazi!"

"Lete nikutazamie."

Aliitwa Elisaria, muuza mapazia kwa jumla, mkazi wa Upanga. Blandina alikunja mikono ya gauni lake la kitenge cha njano, akaipekua mashine ile mchana kutwa, akafuta virusi saba. Mwenye mali hakubanduka. Alileta soda, akaleta mihogo ya kukaanga, mwisho akaomba namba. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mamaa?"

"Nimekula. Kompyuta yako haijambo?"

"Nzima. Sasa naumwa mimi."

"Dawa yako hapa kibandani haipo, baba. Vumilia."

Miezi miwili ilipita kwa raha hiyo. Kisha Jumapili moja Elisaria akapiga, sauti kavu.

"Blandina, kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini. Jirani yangu Beno ameikuta programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Umeiweka wewe?"

"Niiweke ya nini?"

"Unichungulie. Hakuna fundi mwingine aliyeigusa."

Maneno yalimchoma. Alitaka kukata simu, lakini akapanda bajaji hadi Upanga. Akamwamkia shangazi mtu, akaketi mbele ya kompyuta, akachomoa waya wa intaneti, akafungua orodha ya programu.

"Soma tarehe."

Programu ile iliingia wiki tatu kabla hawajakutana, siku ileile na gemu ya mpira ya bure aliyoipakua Elisaria mwenyewe.

"Kosa langu ni kutoiona siku ile. Kwa hilo unisamehe," Blandina alisema. Akaifuta, akakagua tena, akamwambia abadilishe nywila zake zote kwa kutumia simu.

Elisaria aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mpenzi. Sasa nimeamini."

"Umeiamini tarehe, Elisaria. Mimi hukuniamini."

Akaondoka.

Siku tisa hakupokea simu yake. Lakini kila shati jeupe lililopita mbele ya kibanda lilimwinua macho, na kila mara alijichukia.

Siku ya kumi, jua la saa sita, Elisaria alikuja amevaa suti ya kijivu, shangazi ubavuni ndani ya gauni lake la kanisani. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaacha kazi.

"Leo sina tarehe wala ushahidi wowote; nakuamini wewe," Elisaria alisema. "Nilikuhukumu kwa kitu nisichokijua. Nimekukosea, na hilo nalisema mbele ya watu wako."

"Mwanangu, nilimwambia hata mimi nisingempokelea simu," shangazi akadakia. Watu wakaangua kicheko.

"Nataka kuleta barua ya posa kwenu, Blandina. Nilete?"

Blandina aliizungusha bisibisi vidoleni, akajaribu kununa, kununa kukamshinda.

"Lete," alisema. "Ila iandike kwa mkono."